Nimehudhuria mihadhara mitatu kuhusu serikali na uchumi hapa Dodoma, naomba tuijadili kwa mifano ya kwetu

Mlali_Asilia (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wanajamvi. Wakubwa shikamooni, rika langu habari za saa hizi.

Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka aweke alama atarudi baadaye. Alhamisi tatu mfululizo nimekuwa naenda kwenye mihadhara ya wazi kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa mjini, hakuna kiingilio, unaingia unakaa. Mada ni nafasi ya serikali kwenye uchumi na huduma za jamii, yaani serikali iingie wapi, iishie wapi, shule alipie nani, hospitali alipie nani, bei ya mazao apange nani. Mimi sio mchumi, nina duka la vifaa vya ujenzi Nkuhungu na ekari zangu za alizeti nyumbani Mlali, wilaya ya Kongwa, lakini haya ndio mambo yanayoamua kama mwaka huu nitalipa ada ya mtoto bila kukopa, nikaona nisisubiri kusimuliwa.

Kwanza niseme lililonifurahisha. Mhadhara wa kwanza profesa alinifumbua macho kuhusu Adam Smith. Siku zote nilikuwa najua huyu mzungu wa Scotland ndiye baba wa soko huria na kwamba alisema serikali ikae pembeni, kumbe mwenyewe mwaka 1776 aliiachia serikali kazi tatu, ulinzi, haki mahakamani, na zile kazi za umma ambazo mtu binafsi hawezi kuzifanya kwa sababu hazimrudishii hela yake ingawa jamii nzima inazihitaji, kama barabara na madaraja. Akaja kwa Keynes, mchumi wa Uingereza, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kwamba watu wakiacha kununua, viwanda vinafunga, na anayeweza kuanza kutumia hela ili gurudumu lizunguke tena ni serikali. Alieleza vizuri sana, sina ubishi naye hapo.

Mhadhara wa pili ukawa wa kwetu. Azimio la Arusha 1967, benki na viwanda vikubwa kuwa mali ya umma, halafu mzee Mwinyi kuingia 1985 na mkataba na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) 1986, shilingi ikashushwa thamani, ruzuku zikaondolewa, miaka ya 90 tukaanza kuchangia gharama hospitali. Halafu ada ya shule ya msingi ikafutwa 2001, sekondari mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, kidato cha tano na sita 2022. Ukiangalia hivyo unaona kama bembea, serikali inaingia, inatoka, inaingia tena.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Saa mbili nzima hakikutajwa kijiji hata kimoja cha mkoa huu. Tumekaa Dodoma, madirisha yako wazi, ukichungulia unaiona milima, lakini mifano yote ni London, Washington na Dar. Slaidi zote za kiingereza, mzungumzaji anaruka toka kiswahili kwenda kiingereza na kurudi. Ukifika muda wa maswali zimebaki dakika kumi, wanaopewa kipaza sauti ni watatu wa viti vya mbele, na wote watatu hawakuuliza, walihutubia. Kulikuwa na mzee amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, koti la kijivu, kofia ameiweka gotini, alinyoosha mkono tangu maswali yalipoanza mpaka shukrani zilipotolewa, akabadilisha mkono wa kulia ukachoka akanyoosha wa kushoto. Kipaza sauti hakikumfikia. Niliumia sana jamani, nililala nalo.

Maana yule mzee kwa umri wake huenda ameishi kila kitu kilichokuwa kwenye zile slaidi.

Wakuu, Kanda ya Kati serikali imejaribu kila kitu juu yetu. Chukua Kongwa kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, chama cha Labour, waziri wa chakula John Strachey, kwao mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgao baada ya vita, wakaamua walime karanga Tanganyika zaidi ya ekari milioni 3. Wakaanzia Kongwa. Wakaleta matrekta yaliyobaki vitani mengine kutoka Ufilipino, vifaru wakavigeuza kuwa mashine za kung'oa visiki. Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua pale. Alikuwa anasema ule udongo mvua ikinyesha jembe linaingia kama kwenye uji, jua likipiga wiki mbili ukigonga jembe linalia ngee kama umegonga reli. Karanga zinakua vizuri tu juu, halafu kuzing'oa ndio kazi, zinakatikia ardhini. Kila Mgogo alikuwa anajua hilo. Mvua ya kwetu ni milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka na inakuja inavyotaka, ndio maana wazee walishika uwele na mtama. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni kama milioni 36 zimeteketea. Baadaye pakawa ranchi ya ng'ombe, kitu ambacho wenyeji walikuwa wanakifanya pale kabla ya trekta la kwanza kushuka.

Sasa profesa akinionyesha slaidi yenye swali "serikali iingie au ikae kando?" mimi naona swali limekosewa. Kongwa serikali iliingia kwa nguvu zote ikaharibu. Lakini rudi nyuma kidogo, njaa ya Mtunya, 1917 mpaka 1920. Mjerumani alipita akachukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa ajili ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza akaja akachukua tena, mvua ikakatika, na hapo wananchi wakaachwa. Inakadiriwa walikufa watu kama 30,000 Ugogo. Mhadhara wa tatu profesa alimtaja Amartya Sen, mchumi wa India, na njaa ya Bengal kule kwao 1943, kwamba watu hufa njaa sio lazima kwa sababu chakula hakipo, hufa kwa sababu wamepoteza uwezo wa kukipata. Nilitamani nisimame niseme mwalimu, huna haja ya kwenda mpaka Bengal, hii habari bibi zetu walituimbia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kuingia au kutoka sio kipimo. Kipimo ni kabla haijaingia ilimuuliza nani, na ikikosea nani anabaki kurekebisha. Na mihadhara kama hii ingekuwa mahali pa kuuliza hayo kama wangetuachia nusu saa na kama ingekuwa kwa kiswahili. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 60 na 70 mijadala ya hivi ilikuwa moto, mwanahistoria Walter Rodney alifundisha pale, na tangu 2008 wana Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha kuendesha mijadala. Sasa Bunge liko hapa, wizara ziko hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo tangu 2007, Chuo cha Mipango kipo, Hombolo kuna chuo cha serikali za mitaa. Kwa nini mjadala wa hapa usiwe na udongo wa hapa?

Karibuni mnikosoe.

---

Gunia_Kibaigwa

Mkuu nimesoma yote, hongera kwa kutenga muda. Ila mimi hapo kwenye kuingia au kutoka sikubaliani na wewe. Mimi ni dalali wa mahindi soko la Kibaigwa mwaka wa kumi na nne huu, na kipimo changu ni rahisi tu, serikali ikigusa bei mkulima anaumia.

Mwaka 2017 wakazuia mahindi kwenda nje, wakasema anayetaka kuuza nje auze unga. Nia ilikuwa nzuri, chakula kisiishe nchini, sawa. Lakini nenda kamuulize mkulima wa Kiteto aliyekuwa amekopa mbegu akitegemea mnunuzi wa Kenya. Mahindi yalirundikana, malori yamepaki, wanunuzi wanakupangia bei huku wanaangalia pembeni. Nilimwona mama mmoja wa makamo ametoka na magunia sita, amekaa juu yake siku tatu, siku ya nne akauza kwa bei iliyomfanya ajifunike khanga usoni. Hapo hakuna aliyeiba, hakuna rushwa, ni tamko la siku moja tu.

Yule mama alikosa nini mkuu? Alikosa soko tu. Asingehitaji mhadhara.

---

Mlali_Asilia

@Gunia_Kibaigwa nakuelewa kaka na hilo la 2017 liliwaumiza wengi, hata nyumbani. Lakini naomba nikuulize kwa heshima, pale Kibaigwa mnapima kwa nini?

---

Gunia_Kibaigwa

Mizani.

Sawa nimekuelewa unakonipeleka. Ni kweli, kabla ya mizani ilikuwa lumbesa, gunia linashonewa kilemba juu mpaka linabeba debe mbili za ziada na mkulima halipwi hata senti ya kile kilemba. Sheria ya gunia kutozidi kilo 100 ni ya serikali na mizani inakaguliwa na wakala wa vipimo, na siku wakipunguza ukaguzi lumbesa inarudi wiki hiyo hiyo, mimi shahidi. Kwa hiyo hapo serikali naitaka, tena nataka iwepo kila siku. Tatizo langu ni lile tamko la ghafla. Mkulima anapanda Desemba kwa sheria hii, anavuna Juni kwa sheria nyingine.

---

Binti_Haubi

Naomba na mimi wa Kondoa nichangie maana naona Kondoa huwa tunasahaulika mkizungumza Dodoma.

Kaka Mlali hoja yako ya kuuliza kwanza ni nzuri ila kwetu kuna habari inayoitatiza na sijawahi kuimaliza kichwani. Mnakumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma? Ulianza 1973. Milima ya Irangi ilikuwa imemomonyoka hadi mtu anaingia kwenye korongo na ng'ombe wake huwaoni wote wawili. Wakachimba makingamaji, wakapanda miti, wapi. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba kama 1,256, mifugo kama 90,000. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo.

Mama yangu alikuwa binti wakati huo. Anasema baba yake aliwaswaga ng'ombe usiku kuwapeleka kwa ndugu bondeni kwa sababu hakutaka majirani wamwone analia. Nyumba ikakosa maziwa, samadi ikakosekana shambani, mahari ikabidi ipangwe upya. Hakuna aliyeulizwa, au walioulizwa walikataa na wakapuuzwa.

Sasa nenda leo. Nyasi zilirudi. Miti ikarudi yenyewe bila kupandwa. Mashamba ya chini ambayo yalikuwa yanafukiwa na mchanga kila masika yakaanza kulimwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 wakaruhusu ng'ombe wa kufugia zizini, wachache, unawakatia majani unawaletea, na mama yangu ndiye aliyesomesha watoto wanne kwa maziwa ya ng'ombe wawili wa namna hiyo. Mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo hawakutuuliza na mlima ukapona. Nikimuuliza mama kama ilikuwa sawa ananyamaza kwanza, halafu anasema "mlima ulipona, baba hakupona". Ningempeleka mama kwenye mhadhara wako nisikie profesa atajibu nini.

---

Mlali_Asilia

Dada Binti_Haubi umenikalisha chini. Nimesoma mara tatu, ya tatu nimemsomea mke wangu.

Sitaki kukujibu haraka haraka kuokoa hoja yangu. Ninachokiona kwenye habari yako ni kwamba miaka kumi kati ya kuondoa mifugo na kuleta ng'ombe wa zizini ndiyo iliyomuumiza babu yako. Yule aliyetoa amri angekuja na ng'ombe wa zizini mwaka ule ule wa 1979, hata mmoja kwa kaya, machungu yangekuwa mengine. Na mawazo ya namna hiyo huyapati ofisini, anayejua maziwa yakikosekana kaya inapungukiwa nini ni mama yako. Lakini nakiri mlima usingesubiri kila mtu akubali. Nakubali kipimo changu hakitoshi peke yake.

---

Tele_kwa_Tele

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi zahanati moja ya kata, sitaitaja. Nachangia upande wa afya maana hamjaugusa na ndio sera inayopita mikononi mwangu kila asubuhi.

CHF, mfuko wa afya ya jamii, wote mnaijua, ilianza kwa majaribio Igunga 1996, sheria yake 2001. Wazo lilikuwa zuri kweli, kaya inachangia kidogo na serikali kuu inaongeza kiasi kile kile, ndio ile tuliita tele kwa tele. Ikaja CHF iliyoboreshwa, na Dodoma tulikuwa wa mwanzo kabisa, kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Sasa kuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023.

Ninachotaka kusema ni kidogo. Mwaka mmoja nilikuwa naandikisha kaya, nimezunguka vitongoji vitatu kwa miguu, nikashawishi akina mama waliouza kuku ili kupata ile 30,000. Walikuja na kadi zao mpya bado zina harufu ya plastiki. Mwezi wa pili dawa ya mtoto ya maji ya antibayotiki ikaisha stoo, na haikuja kwa wiki kadhaa. Mama anaweka kadi mezani, mimi namwandikia karatasi akanunue duka la dawa. Hakunitukana. Aliichukua kadi akaipangusa na kanga akairudisha kwenye mkoba. Mwaka uliofuata hakulipia, na wala sikuwa na mdomo wa kumfuata.

Profesa anaweza kuchora michoro ya bima mpaka asubuhi, na ni kweli bima inafanya kazi pale wazima wanapomchangia mgonjwa, mimi naiamini. Lakini kijijini serikali ni ile chupa ya dawa. Ikiwepo watu watalipa, hata maskini. Isipokuwepo hakuna mhamasishaji atakayewarudisha. @Mlali_Asilia ile sehemu yako ya nani anabaki kurekebisha ndio hii, aliyebaki ni mimi na mimi sina stoo.

---

Mpunguzi_Zabibu

Nipo nasoma, uzi mzito huu. Niongeze moja tu, kwenye zabibu tunaomba sana serikali ifikirie hifadhi ya baridi na viwanda vya kusindika mchuzi karibu na mashamba, zabibu haisubiri, ikiiva ni siku chache tu. Mtu binafsi anaogopa kuweka hela kwa sababu msimu ni mfupi. Hiyo si ndio ile kazi ya tatu ya Adam Smith uliyosema, ambayo haimlipi mmoja ila inawafaa wote?

---

Gunia_Kibaigwa

@Mpunguzi_Zabibu hapo umenena. Mimi wa kutaka serikali itoke nakuunga mkono.

@Tele_kwa_Tele dada pole na kazi, Mungu akutie nguvu.

---

Mlali_Asilia

Wakuu narudi na mrejesho wa kilichotokea mhadhara wa nne.

Baada ya kusoma michango yenu nilimpigia baba mkubwa kijijini nikamwambia aje alale kwangu Jumatano. Ana miaka sabini na kitu, mwaka 1971 alikuwa kijana wa kuoa pale Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, ilipopita. Pia niliwaandikia waandaaji barua fupi ya heshima nikaomba muda wa maswali uongezwe na mkutano uwe wa kiswahili. Hawakunijibu, ila nilipofika nikakuta slaidi zimetafsiriwa. Sio zote, ila nyingi. Nawashukuru.

Mada ilikuwa vijiji vya ujamaa. Profesa akaeleza vizuri kwamba lengo lilikuwa kuwaweka watu pamoja ili shule, maji na zahanati viwafikie, kwamba nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame, na kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja akakaa Chamwino akafyatua matofali na wananchi. Baba mkubwa akawa anatikisa kichwa kukubali, anasema taratibu "kweli, kweli hiyo".

Muda wa maswali ulipofika nilimshika mkono tukasimama wote wawili, kipaza sauti kikaja. Akavua kofia. Akasema, nakariri nilivyoshika, "Mwalimu, mimi nilihamishwa. Tembe letu liliezuliwa tukiwa tunaangalia. Shule tulipata, huyu hapa mtoto wa mdogo wangu amesoma, nashukuru. Maji tulipata, halafu mashine ikafa. Nina swali moja. Yule aliyechagua mahali pa kijiji, alimuuliza nani?"

Ukumbi ukatulia. Profesa hakukimbilia kujibu, nampa heshima kwa hilo. Akasema, "Mzee, jibu la swali hilo sina. Lakini mngeulizwa ninyi, mngechagua wapi?"

Baba mkubwa akashuka kwenye ngazi na fimbo yake mpaka mbele, akaanza kuonyesha sakafuni. Huku mto wa mchanga, ambapo hata Oktoba ukichimba kimo cha mtu unapata maji. Huku mahame ya wazee, udongo una samadi ya miaka na miaka, mtama unazaa bila kuombwa. Huku njia ya ng'ombe kwenda malishoni. Kijiji kingekaa hapa, akagonga fimbo, mwendo wa kutafuna muwa mmoja kutoka pale kilipowekwa. Shule ingefika vile vile. Zahanati ingefika vile vile.

Profesa alikuwa ameshashuka jukwaani, amechuchumaa, anauliza huo mto unaitwaje, mtama gani, samadi ya kina nani. Watu wa viti vya nyuma wakasogea mbele. Na yule mzee wa koti la kijivu alikuwepo, akaanza kubishana na baba mkubwa kwa Kigogo kuhusu kina cha maji, mwingine akawa anatafsiri. Hatukumaliza mpaka mlinzi alipokuja kusema anafunga.

Alhamisi ijayo mada ni bima ya afya, saa kumi jioni. @Tele_kwa_Tele mdogo wangu kama unaweza kubadilishana zamu nijulishe mapema, nakuja kukuchukua stendi. Na @Binti_Haubi muulize mama kama safari ya Kondoa mpaka huku ataiweza, kwangu kuna chumba.

---

Tele_kwa_Tele

Zamu nimebadilisha kaka. Nitakuja na daftari la dawa zilizoisha, lina tarehe zote.

---

Binti_Haubi

Nimemsomea mama. Ameuliza kama pale ukumbini kuna ngazi nyingi, magoti yanamsumbua.

---

Mlali_Asilia

Ngazi ziko sita kuelekea mbele. Mwambie tutamshika.